Nailoni ya Mama na Viti vya Chuma

Kuna harufu ambayo sijaikuta kwingine ila kwenye ua wa nyumba yetu ya Elerai: harufu ya kutu iliyoloa, ikichanganyika na mafuta ya taa na majani yaliyofyekwa asubuhi hiyo hiyo. Ni harufu kali, inakaa nyuma ya ulimi kama mtu aliyelamba sarafu. Wengine wakikumbuka utoto wa Arusha watakwambia habari za kahawa kuchanua au ukungu wa mlima Meru ukishuka hadi kwenye mabati ya jirani. Na mimi hayo nayakumbuka, sikatai. Lakini nikifumba macho kinachotangulia ni kutu, na mikono ya mama yangu yenye wekundu hadi kwenye viwiko, na ile nailoni iliyolala chini kwenye majani kama ngozi ya kitu kilichochunwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena. Sisi watoto tulikuwa tumezoea kutumwa kupanga foleni ya sabuni. Ghafla sabuni zikawa za rangi tatu na hakuna aliyezipangia foleni. Baba, Mchaga wa Kibosho, aliuza vipuri vya magari mjini, na siku nyingi alikuwa njiani kwenda Namanga kufuata mzigo. Safari moja hakuja na vipuri. Alirudi na gari la kukodi lililobeba viti vinne, benchi moja refu na meza ya duara, vyote vya chuma, vyeupe, vimepindwa na kufuliwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Migongo yake ilikuwa na majani na vishada vya matunda. Mimi nilidhani ni maharage. Baadaye sana niliambiwa ni zabibu. Vilitoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba kubwa upande wa Nduruma. Shamba lilikuwa limepata wenyewe wapya, na vitu vya zamani vilikuwa vikitolewa nje na kuuzwa. Baba alivishusha pale kwenye majani mbele ya nyumba, akapiga makofi kujipangusa vumbi, akamwambia mama, “Haya, viti vyako hivyo.”

Ili ueleweke uzito wa neno “vyako”, lazima niseme habari za Bibi. Mama yetu ni Mwarusha, binti wa wafugaji wa magharibi ya mlima, Mlutheri kwa kuzaliwa. Baba alitoka kwenye familia ya Kikatoliki ambayo, ungeitikisa, wangedondoka padri mmoja na masista wawili. Walifunga ndoa kwenye kanisa la mama. Bibi, mama yake baba, hakuja harusini. Krismasi ya kwanza mama alipopelekwa Kibosho, wakamwana wenzake waliofungia ndoa misheni walikuwa wamekaa vitini, na yeye Bibi akamwonyesha kigoda kando ya mlango wa jiko. Mama alikaa kwenye kigoda kile tangu chai hadi jioni. Hakuna aliyemtukana, chakula alipewa, hata nyama nzuri alipewa. Alitusimulia jambo hilo mara nyingi, bila machozi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele. Tulipozaliwa, Bibi alitupenda sisi wajukuu, na mimi zaidi kwa kuwa nilibeba jina lake, Apolonia. Lakini nyumbani kwetu hakuwahi kukaa. Safari moja alikuja Arusha kutibiwa macho, akapita kutusalimia. Alisimama getini na mkoba wake, akatubariki mmoja mmoja, akaondoka. Kwao, na kwa upande wa mama pia, mtu asiyekaa hajafika. Mama alibaki ameshika chupa ya chai, mwaka baada ya mwaka, akingoja mama mkwe afike.

Sasa viti vilipatikana. Mama aliviosha kwa maji ya sabuni, akavikausha kwa kanga kuukuu, akavizunguka. Hakukaa. Kesho yake alikwenda sokoni akarudi na nailoni nzito, akavifunga kimoja kimoja, mgongo, mikono, hadi miguu, na kukaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Juu ya meza iliyofungwa nailoni akatandika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akatandika nailoni nyingine ili kitambaa kisiloe. Usicheke. Nani kati yetu hakukulia kwenye nyumba yenye sofa lililobaki na nailoni ya dukani mpaka ikapasuka yenyewe? Kitu kizuri tulikiheshimu kwa kukifunika. Mama hakuwa na makabati ya vioo wala seti za vikombe. Alikuwa na viti vile, na viti vilikuwa na kazi moja tu duniani. “Atakaa,” alikuwa akisema, hata bila kumtaja anayekaa. Sisi tulipotaka kupumzika tulikaa kwenye ngazi ya mlango, tukitazama viti.

Jirani yetu Mama Neema, mwanamke wa maneno, hakuweza kuvumilia. “Mama Apolonia, hivyo viti vina homa? Mbona mmevifunika hivyo?” Mama akamjibu kwamba mgeni wake hajaja. “Basi huyo mgeni na aje upesi,” akasema Mama Neema, “maana sisi tumechoka kukaa kwenye ndoo zako.” Walicheka wote wawili. Lakini nilimwona mama akikagua mipira baada ya jirani kuondoka, akiikaza zaidi, kama kwamba maneno yale yangeingia.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mvua ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha tena, na katikati yake ukungu. Mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba ndani ya nailoni kulikuwa na matone. Yalijipanga upande wa ndani kama jasho kwenye kifuniko cha sufuria. Nilimwita mama. Akaja, akabonyeza nailoni kwa kidole, tone likateremka na kupotelea kwenye kishada cha zabibu. “Ni baridi tu,” akasema. “Jua likitoka yatakauka.” Baba naye, aliyekuwa akinywa chai amesimama, akasema chuma ni chuma, kimeshinda nje kwa yule meneja Mzungu miaka yote kikinyeshewa. Na kweli kilinyeshewa, lakini kilinyeshewa kisha kikapigwa upepo. Hilo hatukuliwaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na viti vyetu vilikuwa vimevikwa nguo hadi miguuni.

Mwaka ule pia nilikuwa nikijiandaa kwa kipaimara. Kwa asiyetujua, kipaimara kwa Walutheri wa Arusha si jambo la kupita. Mtoto anashonewa gauni jeupe kama bibi harusi mdogo, mbuzi anaangushwa, na ndugu wanatoka hata wale ambao hukujua wapo. Baba aliwapelekea ujumbe watu wa kwao kama alivyofanya kila mara, bila matumaini. Jibu likaja kupitia baba mdogo: Bibi amesema atakuja. Kanisani hataingia, lakini nyumbani atakuja, kwa sababu mtoto mwenye jina lake hawezi kuvikwa nguo nyeupe yeye akiwa hai na asimwone. Mama alipopewa habari alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini taratibu, akaenda chumbani, na tulimsikia akiimba utenzi mmoja wa Kiarusha, ubeti ule ule, akirudia rudia.

Alhamisi ya juma lile la sherehe tulifungua viti. Mama alitaka tuwepo wote. Alikata mipira kwa kisu, akavuta nailoni ya kiti cha kwanza, na rangi nyeupe ikaja nayo. Ilibanduka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake chuma kilikuwa chekundu, kimevimba, kina vipele, na kwenye maungio ya majani na matunda maji yalikuwa bado yamesimama. Harufu ile niliyoitaja ikatupiga. Kiti cha pili hivyo hivyo. Benchi lilikuwa baya zaidi kwa sababu ndilo lililofungwa vizuri zaidi. Mama alifungua vyote hadi cha mwisho, akavitazama, akakaa chini kwenye majani mabichi na gauni lake la nyumbani, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya Bibi, wala kwa ajili ya kigoda. Alilia kwa ajili ya viti, na mimi nikaogopa sana, kwa sababu nilielewa alikuwa akilia kwa ajili ya vyote.

Baada ya hapo alinyanyuka akafunga kanga kiunoni. Baba alituma msasa na brashi za waya kutoka dukani kwake, na makopo mawili: moja la praima ile nyekundu ambayo mafundi hupaka chini ili kutu isirudi, jingine la rangi ya mafuta nyeupe. Tukakwangua. Ukitaka kumjua mtu, kwangua naye kutu. Baba alikuwa na haraka, akakwangua palipo wazi na kuacha penye kona. Mama aliingia kwenye kila kishada kwa ncha ya msumari uliofungwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mimi nilipewa miguu ya viti, nikajifunza kwamba kutu huanzia chini, pale chuma kinapokutana na udongo, mahali asipoangalia mtu. Mama Neema alikuja na umbea wake akaondoka na msasa mkononi. Alikwangua meza nzima akitusimulia habari za mtaa. Ijumaa nzima ilikwenda hivyo. Vidole vilichubuka. Gauni langu la kipaimara lilitundikwa chumbani kwa dada wa jirani ili nisilikaribie.

Jumamosi tukapaka praima. Nayo ilikuwa mwezi wa saba, na mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa mwezi wa saba. Jua halikutoka. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mji kama kifuniko, na baridi ya mlima ikawa inateremka bila upepo. Mchana mama aligusa kiti, kidole kikanata. Alasiri akagusa tena, kikanata. Akaleta jiko la mkaa akaliweka chini ya benchi, akalihamisha chini ya kiti, akalirudisha, akilipepea kwa kipande cha katoni kama anayechoma mahindi. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa pale pembeni, limeshafunguliwa kifuniko. “Ukiipaka juu ya mbichi itavimba yote,” baba akamwambia. “Yaache.” Mama akamtazama. “Niache nini? Akute viti vya namna hii?” Mimi nilimhurumia baba, kwa sababu alikuwa amesimama kati ya mama yake na mke wake akiwa ameshika brashi. Haraka haraka haina baraka, lakini anayesema hivyo mara nyingi hana mgeni kesho. Giza lilipoingia mama alifunika kopo.

Basi Jumapili ikafika na viti vyetu vilikuwa vyekundu. Sasa wekundu wa praima, kwa asiyejua mambo ya rangi, si wekundu wa rangi ya dukani. Ni ule wa udongo uliosagwa, wekundu ambao vijana wa Kimaasai na Kiarusha hujipaka kichwani na mabegani. Sisi tulikuwa tumeuangalia tangu jana yake kama aibu ya kazi isiyokwisha. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angeona kitu kingine.

Tuliporudi kutoka kanisani watu walikuwa tayari uani, ndugu wa mama wamekaa kwenye mabenchi ya mbao tuliyoazima, na sufuria zikitokota nyuma. Viti vyekundu vilikuwa peke yake katikati ya majani, hakuna aliyethubutu. Gari la baba mdogo likasimama. Bibi akashuka, mfupi, mnyoofu, kitenge kipya cha bluu na kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja. Alinishika mashavu, akanigeuza aone gauni nyuma na mbele, akasema, “Mungu akutunze.” Kisha akaingia uani. Akaviona viti, akasimama. 

“Mama Apolonia,” akasema, “viti hivi mmevipaka rangi ya kwenu?”

Baba akapanua mdomo. “Hapana, Mama, hiyo ni prai—”

“Ndiyo, Mama,” mama akamkata. Alikuwa ameshika sinia la vikombe. “Ni rangi ya kwetu. Karibu ukae.”

Nilimwangalia mama nikidhani nimemsikia vibaya. Kopo jeupe lilikuwa nyuma ya mlango, sote tulilijua. Wajomba zangu, ambao hawakujua lolote la praima, wakakaa wima kidogo kwenye mabenchi yao. Bibi alivitazama viti, akamtazama mama, akatazama tena viti. Halafu akauliza, “Na wewe unakaa wapi?”

“Mimi nitahudumia kwanza, Mama.”

“Sijauliza utafanya nini. Nimeuliza unakaa wapi. Siwezi kukaa mwenye nyumba akiwa wima.”

Mama Neema akaja akampokea sinia, maana yeye huwa hapitwi. Mama akapangusa viganja kwenye kanga, akasogea kwenye kiti cha karibu na meza, akakaa. Ndipo nikagundua kwamba tangu viti vile vishushwe kwenye gari, mama yangu hakuwahi kukalia hata kimoja. Alikaa pembeni kidogo, kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa, kisha akajisogeza nyuma hadi mgongo ukagusa zabibu. Bibi akavuta kiti cha pili, akakaa karibu naye. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, ulipoletwa mama alimpa bakuli kwa mikono miwili, na Bibi akapokea akasema, “Aika, mae,” asante ya Kichaga, kwa jina la heshima ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake. Baba alizunguka nyuma ya nyumba. Alisema anakwenda kuangalia mbuzi.

Praima, bila shaka, ilikuwa bado haijakauka vizuri. Bibi alipoinuka jioni, kitenge chake kipya kilikuwa na mistari miwili myekundu nyuma, na umati mzima wa watu wazima, waliomaliza kuimba na kuomba, hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Alipanda gari nayo hadi Kibosho. Baada ya siku chache ikaja salamu kupitia baba mdogo: rangi ya kwa mkwe wake haitoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo kitenge amekifanya cha shamba. Nilimkuta nacho kwenye migomba yake Krismasi ile, na Krismasi nyingi baadaye. Mama alikuwepo pia, amekaa ndani, kitini.

Nailoni hatukuifunga tena. Mama aliigawa, vipande vikaenda kufunika mabanda ya kuku ya mtaa mzima. Viti vilianza kuishi. Tuliweka mawe bapa chini ya miguu yake visisimame kwenye majani mabichi. Mvua ikipita tuliviinamisha mbele maji yamwagike kutoka kwenye vishada vya migongo, tukavipangusa. Kiangazi kikianza tulitafuta vipele vidogo vya kutu, tukavipiga msasa, tukavipaka praima siku ile ile, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tulivikalia. Siamini kama kuna dawa nzuri ya chuma kuliko kukaliwa, maana makalio ya watu yanafuta unyevu na macho yao yanaona kutu mapema. Rangi nyeupe ile ilipakwa kwenye dirisha la choo.

Leo ninaishi Kwa Mrombo, hapa hapa Arusha, na kando ya barabara yetu vijana wanachomelea viti vya bustani kuanzia asubuhi, wanavipulizia rangi inayokauka kabla hujamaliza kupatana bei. Ukiwa na sherehe hufikirii viti. Unapiga simu, lori linashusha vya plastiki vilivyovikwa vitambaa na vifundo vya utepe nyuma. Watoto wetu wanaoana Mmeru na Mhaya, Mlutheri na Mkatoliki, na mama mkwe akinuna wanamwekea picha za harusi kwenye simu mpaka anakunjuka uso peke yake. Ni afadhali, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Sitaki binti yangu akae kwenye kigoda cha mtu yeyote. Lakini naona pia jinsi watu wanavyofika kwenye nyumba zetu siku hizi. Wanakula wamesimama, wanapiga picha, wanaondoka na sahani ya kufungiwa, na sijui kama wamefika. Wakati ule mtu mmoja kukaa chini ilikuwa habari ya kungojwa miaka.

Mama sasa ni mzee, anaishi nami. Viti anavikagua yeye, kwa vidole, kwa kuwa macho yamepungua. Bibi tulimzika zamani, na mama ndiye aliyemuuguza. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunapaka praima kwenye mguu wa benchi, nilimuuliza jambo nililokaa nalo tangu siku ya kipaimara: kwa nini hakumwambia Bibi ukweli, kwamba ile ilikuwa rangi ya chini tu, kwamba nyeupe ilikuwa inakuja? Aliendelea kupapasa chuma, akafika kwenye kona, akarudi.

“Ningemwambia hivyo,” akasema, “angesema basi, atakuja kukaa vikishakuwa vyeupe.”